Mtoto anapotishiwa kwa picha zake: saa ya kwanza

Mara nyingi mtoto huja usiku, simu ameibana kifuani kioo kikiwa kimegeukia ndani, na neno lake la kwanza huwa "usinigombeze". Kabla hajafika mlangoni pako, mtu anayemtisha amekwisha kumweleza utakachofanya: utamchapa, utamnyang'anya simu, utamwaibisha mbele ya ukoo mzima, na polisi watamkamata yeye aliyetuma picha. Dakika kumi zinazofuata ndizo zitakazomwonyesha mtoto kama mtu huyo alisema kweli au alidanganya. Ndiyo maana naanzia hapa na mipangilio ya simu naiacha mpaka baadaye. Hata simu ifungwe kwa kufuli zote, haimsaidii mtoto aliyekwisha kuamua kwamba nyumbani hakuna wa kumwambia.

Maneno yanayohitajika ni machache. "Umefanya vizuri kuniambia. Kosa ni la anayekutisha. Tuko pamoja mpaka liishe." Kaa chini naye, usimsimamie. Swali la "kwa nini ulituma?" liache kabisa usiku huo, kwa sababu mtoto hulisikia kama hukumu, naye ataanza kupunguza maelezo, na kile atakachokipunguza ndicho utakachokihitaji. Uliza mambo yanayojibika: mlianza kuzungumza kwenye programu gani, mkahamia wapi, anajiitaje, umemtumia nini na ngapi, je, uso wako unaonekana, anataka nini, amekupa muda gani, umeshamlipa? Akishajibu, basi. Usimrudishe kwenye habari hiyo mara nne mbele ya baba, shangazi na jirani. Kila kurudia kunamuumiza, na maelezo yakishasimuliwa mara nyingi mbele ya watu wengi hubadilika kidogokidogo, jambo ambalo wakili wa mshtakiwa atalishikilia siku ya kesi.

Mambo matatu hayafanywi: hamlipi, hamjibu, hamfuti.

Kulipa hakununui ukimya. Anayelipwa mara moja amejua kwamba hapa pana pesa na pana hofu, kwa hiyo dai la pili hufuata, mara nyingi kubwa kuliko la kwanza na ndani ya saa chache. Kama mtoto ameshalipa, acheni hapo hapo, tunzeni ujumbe wa muamala, na pigieni simu kampuni iliyopitisha pesa mwombe muamala usimamishwe. Kujibu nako, hata kwa kutukana au kubembeleza, kunamwambia mhalifu kwamba upande wa pili bado kuna mtu anayesoma. Kufuta ndilo kosa linalofanywa na wazazi wazuri zaidi. Mzazi anaona uchafu kwenye simu ya mwanawe, anaufuta kwa hasira na aibu, na asubuhi anakwenda polisi mikono mitupu.

Sasa ushahidi. Hapa ndipo uangalifu unapolipa, kwa hiyo nitaenda polepole.

Fungua ukurasa wa mtu huyo, usitosheke na mazungumzo peke yake. Jina kubwa linaloonekana juu hubadilishwa kwa sekunde mbili. Kinachohitajika ni jina la mtumiaji, lile lililoandikwa kwa herufi zilizoshikana, pamoja na kiungo cha ukurasa, ambacho hupatikana kwa kubonyeza vidoti vitatu au alama ya kushiriki na kuchagua kunakili kiungo. Kwenye WhatsApp kinachomtambulisha ni namba, kwa hiyo bonyeza jina lake mpaka namba nzima ionekane pamoja na alama ya nchi. Andika vitu hivi kwenye karatasi vilevile, herufi kwa herufi, maana herufi O na sifuri zinafanana kwenye picha ya skrini.

Kisha piga picha za skrini za mazungumzo kuanzia mwanzo, si kuanzia vitisho. Mwanzo ndio unaoonyesha kwamba mtu huyu alidanganya umri wake, aliuliza umri wa mtoto akajibiwa, na bado akaendelea. Kila picha ianze na mstari mmoja au miwili ya picha iliyotangulia, ili isije ikasemwa kuna kipande kimerukwa. Tarehe zionekane. Kwenye karatasi andika saa kama simu inavyoisema: ikiwa ni 21:42, andika 21:42, usiandike saa tatu na dakika arobaini na mbili. Kumbukumbu za kampuni zitasomwa na watu wasiojua kuhesabu saa kwa Kiswahili, na tofauti ya saa sita imewahi kuvuruga mambo madogo kuliko hili.

Kuna mitego miwili. Wa kwanza: Snapchat humjulisha mtu kwamba mazungumzo yake yamepigwa picha ya skrini, na ujumbe wa WhatsApp wa kutazamwa mara moja hauruhusu kabisa picha ya skrini. Katika hali kama hizo chukua simu nyingine upige picha ya kioo. Angalia pia kama mazungumzo yamewekewa muda wa kutoweka. WhatsApp ina saa 24, siku 7 na siku 90, na mhalifu mzoefu huchagua ule mfupi. Kama ni saa 24, kazi hii haingoji asubuhi.

Mtego wa pili ni mzito zaidi. Picha zenyewe za uchi za mtoto usizipige picha ya skrini, usizihamishie kwenye simu yako, usimtumie mume, mjomba wala askari kwa WhatsApp. Katika nchi nyingi kuwa na picha hizo au kuzituma ni kosa la jinai hata kwa mzazi mwenye nia njema, na kila nakala mpya ni nafasi mpya ya kuvuja. Zinapofika kwenye mazungumzo, ziruke, na kwenye karatasi andika tu: "21:42, hapa kuna picha ya mtoto." Simu yenyewe ndiyo itakayopelekwa.

Ukishamaliza, ndipo unaporipoti akaunti ndani ya programu, na baada ya kuripoti ndipo unapomzuia. Utaratibu huu una sababu. Ukimzuia kwanza, baadhi ya programu huficha ukurasa wake au huondoa mazungumzo, na unabaki huna pa kunakili jina. Kwenye WhatsApp, unaporipoti au kumzuia mtu unaweza kukuta kisanduku kinachofuta pia mazungumzo, nacho kinaweza kuwa kimeshatiwa alama ya ndiyo. Kisome, ukiondoe alama. Sababu ya kuripoti ichaguliwe kwa usahihi: tafuta palipoandikwa unyanyasaji wa kingono wa mtoto au kutishia kusambaza picha za faragha, usichague "simpendi" wala "barua taka". Kampuni za Marekani zinalazimishwa na sheria ya huko kupeleka taarifa za aina hii, zinapozibaini, kwa NCMEC, kituo cha Marekani cha kuwalinda watoto waliopotea na wanaonyanyaswa, ambacho kimekuwa kikipokea taarifa za mtandaoni tangu 1998 na huzipeleka kwa vyombo vya dola vya nchi husika. Taarifa iliyowekwa kwenye fungu la barua taka haiendi huko.

Kuzuia picha zisisambae

Watu wengi hawajui kwamba kuna njia ya kuziba picha kabla haijapakiwa popote. NCMEC hiyo hiyo ina huduma iitwayo Take It Down, ya bure, haiulizi jina. Inafanya kazi hivi: unafungua ukurasa wake kwenye simu ile ile yenye picha, unachagua picha au video, na simu yenyewe inakokotoa mfululizo wa herufi na namba unaoitambulisha picha hiyo kama alama ya kidole inavyomtambulisha mtu. Picha haiondoki kwenye simu. Inayokwenda ni ile alama, nayo hugawiwa kampuni zilizojiunga, miongoni mwao zikiwemo Facebook, Instagram na TikTok, ili picha yenye alama hiyo ikipakiwa huko inaswe. Huduma hii ni ya picha zilizopigwa mtu akiwa chini ya miaka 18, hata kama leo ameshapita umri huo. Kwa zilizopigwa baada ya hapo ipo StopNCII, huduma ya aina hiyo hiyo kwa watu wazima.

Ina mipaka, na ni haki kuijua. Picha ikikatwa, ikiongezewa maandishi au kubadilishwa rangi, huzaliwa alama mpya, na ile ya mwanzo inaweza isiitambue. Haifanyi kazi ndani ya mazungumzo yaliyofungwa kwa usimbaji, yaani yale ambayo hata kampuni yenyewe haiwezi kuyasoma, wala kwa kampuni zisizojiunga. Kwa hiyo usimwahidi mtoto kwamba picha hazitaonekana kamwe. Mwambie mmefunga milango mliyoweza kuifunga, na ikionekana mahali, mtashughulika pamoja. Mtoto aliyeahidiwa kisichowezekana hatakuja mara ya pili. Na baada ya kuituma alama, picha hiyo isipakiwe na mtu yeyote, hata mtoto mwenyewe, la sivyo akaunti yake ndiyo itakayonaswa.

Kama mtoto hana tena nakala, huenda imebaki kwenye mazungumzo aliyoitumia, au kwenye kapu la picha zilizofutwa, ambalo kwenye simu nyingi huzihifadhi kwa takriban siku 30 kabla hazijapotea. Muache aitafute mwenyewe. Wewe huna haja ya kuitazama.

Njia hii ni hiyo hiyo kwa mtoto ambaye hakutuma chochote. Siku hizi mtu huchukua picha ya kawaida, mtoto akiwa na nguo zake, akaipitisha kwenye programu ya akili mnemba ikatoka uchi. Mara nyingi mfanyaji ni mwanafunzi mwenzake. Msiliite utani. Maumivu ni yale yale, ushahidi hutunzwa vile vile, na Take It Down hupokea picha hizo pia. Tofauti iliyopo ni kwamba shule nayo inahusika, na mwalimu mkuu aombwe kwa maandishi achukue hatua bila kuzipitisha picha hizo kwenye kundi la walimu, kosa ambalo hutokea kila mara watu wanapotaka "kuonyeshana ushahidi".

Polisi, na usiku wenyewe

Nendeni na simu, chaji yake, nywila, na ile karatasi. Ombeni dawati la jinsia na watoto au afisa ustawi wa jamii kama lipo. Ombeni namba ya jalada, na jina la anayelishika muandike. Akitokea anayesema mtoto ndiye mkosaji, mtulize mtoto kwanza, halafu mumwombe afisa mwingine. Kamati ya Haki za Mtoto ya Umoja wa Mataifa, katika Maoni ya Jumla Namba 25 ya mwaka 2021, imesema wazi kwamba hata watoto waliojipiga picha wenyewe na kupeana kwa hiari kwa faragha yao wasitiwe hatiani kwa ajili yake. Mtoto aliyelaghaiwa na kutishwa yuko mbali zaidi na hatia. Kama njia ya polisi ni ngumu, anzeni na simu ya msaada kwa watoto. Kenya, Tanzania na Uganda ni 116, bila malipo. Nchi nyingi za Ulaya ni 116 111.

Usiku huo mtoto asilale peke yake. Nasema hili kwa uzito wote nilio nao. Wapo watoto, hasa wavulana wa miaka 14 mpaka 17, waliojitoa uhai saa chache tu baada ya kitisho cha kwanza, wakiamini kwamba kesho hawataweza kumtazama mtu usoni. Muulize waziwazi: "Umefikiria kujidhuru?" Swali hilo halimtii mtoto wazo jipya, linamwondolea mzigo wa kulibeba peke yake. Akisema ndiyo, au akinyamaza kwa namna isiyokuridhisha, ondoa dawa na vitu vya hatari, kaa naye chumbani, na umpeleke hospitali.

Wavulana nimewataja kwa makusudi. Wazazi wengi hulinda binti na kumwacha kijana, ilhali ulaghai wa kudai pesa umewalenga wavulana kuliko mtu yeyote. Mtindo wake ni mmoja: akaunti ya msichana mzuri, ina marafiki wawili watatu anaowafahamu kijana kwa sababu mhalifu ameanza kwa kuwafuata wao. Msichana anatuma picha yake kwanza. Anaomba ya kijana. Ikishafika tu, sauti inabadilika, na kinachotumwa sasa ni picha ya skrini ya orodha ya wafuasi wa kijana huyo: dada, mwalimu wa kwaya, rafiki wa darasani. "Una nusu saa." Ndiyo maana orodha ya marafiki na wafuasi ni kitu cha kuficha kabla ya kingine chochote. Akaunti ikiwa ya faragha na orodha ikiwa haionekani na wageni, kitisho hicho kinakosa majina, mradi tu kijana asimkubali mgeni kuwa mfuasi.

Mnyemeleaji wa watoto wadogo yeye hana haraka. Huanzia penye watu, kwenye mchezo wa simu au chini ya video, kwa kumsifu mtoto na kumpa zawadi za mchezoni. Kisha huja maswali ambayo mtoto yeyote anaweza kufundishwa kuyatambua: simu hii ni yako au ya mama? Uko na nani hapo? Kwenu wanasoma meseji zako? Kila swali linapima kitu kimoja, kama kuna mtu mzima karibu. Akiridhika humhamishia kwenye programu ya mazungumzo ya watu wawili, na kule humpa siri ndogo isiyo na madhara, aone kama itatunzwa. Mfundishe mtoto kwamba pale mtu anaposema "tuhamie kule" na "usimwambie mtu", ndipo pa kuleta simu kwako, hata kama mtu huyo ni mwema kiasi gani.

Wala si lazima awe mgeni. Anaweza kuwa jamaa, kocha au mwalimu anayetumia meseji kuendeleza anachokifanya ana kwa ana. Ukigundua hivyo, usimpigie simu kumkaripia, hata kama damu inachemka. Atafuta alichonacho, atamfikia mtoto kabla yako, na ukoo utaitwa kusuluhisha jambo lisilosuluhishwa kikaoni. Mtenge mtoto naye kimyakimya, kisha nenda kuripoti.

Katika mipangilio yote ya simu, nitagusa moja inayosahaulika: tarehe ya kuzaliwa. Programu nyingi hutaka mtumiaji awe na miaka 13, kiwango kilichotokana na sheria ya Marekani ya 1998. Mtoto wa miaka 10 anajiongezea mitatu ili aingie, nasi tunacheka. Akifika 15, programu inamhesabu 18. Siku hiyo, bila yeyote nyumbani kujua, ulinzi wa watoto unaanguka: watu wazima asiowajua wanaweza kumwandikia, akaunti haibaki tena ya faragha yenyewe, matangazo ya wakubwa yanaingia. Akaunti za vijana ambazo Instagram ilizianzisha Septemba 2024, zenye faragha tangu mwanzo kwa walio chini ya miaka 18, hazina faida kwa anayejulikana huko kama mtu mzima. Kaeni naye mfungue kila programu, mtazame mwaka uliowekwa. Ambapo haurekebishiki, ni afadhali kufunga akaunti na kuanza nyingine kuliko kuacha uongo huo ukue pamoja naye.

Programu za usimamizi wa wazazi, kama Family Link ya Android na Muda wa Skrini (Screen Time) wa iPhone, zina manufaa kwa watoto wadogo: zinazuia kupakua kitu bila ruhusa yako na kuweka saa za kulala. Zinashindwa mzazi anapotumia namba ya siri ambayo mtoto anaijua, mtoto anapofungua akaunti ya pili kupitia kivinjari, na anapotumia simu ya rafiki. Zisiwekwe kwa siri. Mtoto anayegundua anapelelezwa hujifunza kujificha vizuri zaidi, na hapo umepoteza kile kilichomleta mlangoni pako.

Kuhusu simu yenyewe: polisi wakishaichukua nakala, mrudishie. Najua wengi hawatakubaliana nami. Lakini kunyang'anywa simu ndiko alikotishiwa nako, na ndugu zake wadogo wanatazama kitakachompata aliyesema ukweli. Badilisheni nywila, wekeni uthibitisho wa hatua mbili (namba ya pili inayoombwa baada ya nywila), fungeni orodha ya marafiki, halafu ashike simu yake.

Wiki mbili au tatu baadaye huenda ukaja ujumbe kutoka akaunti mpya, jina jingine, maneno yale yale. Wahalifu hawa hurudi kujaribu. Mtoto atakuja nao mezani. Mtanakili kiungo, mtapiga picha za skrini, mtaripoti, mtamzuia, mtaongeza mstari kwenye ile karatasi, kisha arudi kwenye masomo yake.